Shati la Babu

Wateja walimwita Fundi Nusu, maana kila shati aliloshona lilikosa kifungo cha juu. Kifungo chenyewe alikupa mkononi, ukajishonee mwenyewe. Mama yake naye alikuwa vivyo hivyo. Yote yalianza siku babu alipokamatwa, bibi akiwa amebakiza kifungo kimoja kwenye shati alilomshonea. Babu akatolewa kifua wazi, akapotea moja kwa moja. Tangu hapo, mikono ya wanawake wa ukoo ule ikifika kifungo cha mwisho, inakufa ganzi.

Mama mdogo wa fundi, msoma karata za ramli, akachoka na upuuzi huo. Alichanganya karata juu ya cherehani mara tatu: kwa bibi, kwa mama, kwa fundi. Mara zote ikatoka karata ileile moja, yenye picha ya mzee mwenye taa.

“Baba anangoja nguo yake,” akasema. “Imalize, mwanangu.”

Shati likatolewa sandukuni. Fundi akakishona kifungo kwa vidole vyenye ganzi, akakata uzi kwa meno, akalitundika ukutani kwa hanga. Wakainama kukusanya karata. Walipoinua macho, hanga ilikuwa inabembea tupu.

“Jamani babu,” fundi akanong'ona, “hata kulijaribu kwanza?”