Kuanzia Kifua Kwenda Juu

Hadi leo sielewi vizuri kwa nini namba ndogo ni tundu kubwa. Mwalimu wangu wa kupiga picha, mama mmoja mwenye studio karibu na geti la chuo pale Nchiru, alinieleza Jumamosi baada ya Jumamosi. Lenzi ina tundu kama mboni ya jicho. Ukiweka namba ndogo, tundu linapanuka, mwanga unaingia kwa wingi. Ukiweka namba kubwa, linabana. Nilimuuliza ni nani aliyepanga mambo kinyume namna hiyo. Akasema yeye hakuulizwa. Na kabla sijatulia, kukawa na kasi ya shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga, kisha ISO, kipimo cha jinsi kamera inavyouhisi mwanga, na vyote vitatu vinavutana hivi kwamba ukirekebisha kimoja kingine kinakuharibikia. Picha zangu za mwanzo zilikuwa ama nyeupe pe, ama giza totoro.

Mambo ya mpangilio nayo yaliniudhi. Gawanya kioo kwa mistari, miwili ya kusimama na miwili ya kulala, na mtu umweke pale mistari inapokutana, si katikati. Ukimkata, usimkate kwenye goti wala kwenye kifundo cha mguu. Sasa mimi nimekulia nyumba ambazo kila picha ukutani mtu yuko katikati, wima kama askari wa gwaride, viatu vikionekana vyote viwili. Kumsukuma mtu mzima pembeni ya picha yake mwenyewe niliona ni kumkosea adabu.

Kitu kimoja tu kiliniingia. Ukifungua lenzi mpaka mwisho na kumsogelea mtu, kila kilicho nyuma yake kinayeyuka. Bodaboda, mabango, nguo zilizoanikwa kwenye hosteli, vyote vinageuka ukungu laini, na uso unabaki peke yake. Nilikipenda kitu hicho kupita kiasi. Niliwapiga wanafunzi wenzangu hivyo, nikampiga muuza chapati hivyo, na kila mmoja akaniambia nina mkono mzuri.

Wiki ile nyanya alitoka hospitalini. Huyu ni mama yake mama, mkulima wa ndizi kule Mitunguu. Watoto wake walikuwa wamekubaliana asiambiwe alichosema daktari, asije akavunjika moyo, na mimi pia sikuambiwa. Niliambiwa ni tumbo. Kisha mama, ambaye anafundisha shule ya msingi Embu, akanipigia simu. Wajomba wangu walikuwa wamemwachia yeye, binti pekee, kazi ya kutafuta picha nzuri ya nyanya, na kwa kuwa nilikuwa na kamera, niende mimi.

"Umpige kuanzia kifua kwenda juu," akasema. "Awe peke yake, asishike kitu. Na nyuma kuwe plain, kusionekane kitu, sawa?"

Nilishangaa. Mama akipiga picha kwa simu hukata watu vichwa, na leo anazungumza kama mwalimu wangu. Nikadhani amejifunza mahali. Kusema kweli nilifurahi, maana kwetu masomo haya yalionekana ni mchezo, na sasa niliona kuna mtu mmoja anayeyachukulia kwa uzito.

Mitunguu kulikuwa na joto kama kawaida. Nyanya alikuwa amekonda hadi shingo ikaonekana ndefu, lakini alikuwa amejiandaa: gauni la kanisa, kitambaa kipya kichwani, soksi na viatu vya kufunga. Alikuwa ameshachagua mahali pake, kando ya mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote, pale maji ya mfereji yanapoingilia shambani. Nilikataa. Nikamwambia jua limesimama kichwani, macho yake yatakuwa mashimo. Nikamwekea kiti mlangoni, kwenye kivuli, mwanga ukimjia kwa ubavu, nikamgeuza bega kidogo, nikamwambia ateremshe kidevu. Alinitii kama anayepimwa na fundi wa nguo. Nikafungua lenzi yote, nikalenga jicho lililo karibu, nikabonyeza.

Ilitoka. Kila kope ilikuwa safi, na katika mboni kulikuwa na kidoa cha mwanga ambacho mwalimu alikuwa amenidai tangu siku ya kwanza. Shamba lote lilikuwa ukungu wa kijani. Ndiyo picha bora niliyokuwa nimewahi kupiga, na nilikimbia kumwonyesha.

Aliishika kamera mbali, kisha karibu. Akaniuliza kwa Kimeru ndizi ziko wapi. Nikamweleza, tena kwa majivuno, kwamba nimeziondoa ili yeye aonekane. Akauliza na miguu? Nikasema picha ya aina hii haihitaji miguu. Akanirudishia kamera, akatazama viatu vyake.

"Mama yako ndiye alikwambia unipige hivi?"

Nikasema ndiyo, kuanzia kifua.

"Peke yangu, na sijashika kitu."

Nikasema ndiyo, nikishangaa amejuaje.

"Basi hii ni ya programu."

Kwetu programu ni kile kijitabu cha mazishi. Uso mmoja juu ya jalada, kifua kwenda juu, nyuma hakuna kitu, na chini tarehe mbili. Nimeviona vingi tangu utotoni, vimewekwa ndani ya Biblia za nyumbani, na haikuwahi kunijia akilini kwamba picha ile kuna mtu huipiga, na mwenyewe ameketi mbele yake anapumua. Nilitaka kumtetea mama, na nilitaka kujitetea mimi, nikajikuta namweleza nyanya habari za tundu na namba, kwamba namba ndogo ndiyo hufuta vitu vya nyuma, si mimi. Aliniacha nimalize.

"Daktari alisema nini?"

Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Sijui kama aliniamini. Niliwakasirikia wajomba, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia hata mwalimu ambaye hakuwa na kosa lolote, na katikati ya hasira hiyo nilijua kwamba walichomficha wote kwa maneno matamu nimekuja kumwambia mimi, bila kufungua mdomo.

Nyanya akainuka, akaenda polepole hadi kwenye mgomba wake, akaweka mkono juu ya mkungu na kufunga miguu pamoja. Akaniashiria nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka viatu viingie. Nilimpiga alivyotaka, katikati kabisa, chini ya jua kali, macho yamepotelea kivulini. Sikukumbuka namba yoyote ya kuweka. Niligusa tu vitufe nikaomba Mungu.

Aliitazama, akaikubali kwa kichwa.

"Hii ndiyo yangu. Ile nyingine waambie haikutokea."

Hakuniambia niifute, wala hakuniambia niiweke. Mpaka sasa sijui kama alikuwa anakikataa kifo chenyewe, au hakutaka tu wanawe wajue kwamba amejua. Nilikunywa chai yake na hatukuzungumza habari hiyo tena.

Jioni nilimpigia mama. Nikasema picha zimeharibika, mwanga ulikuwa mbaya, mimi bado ni mwanafunzi. Nilikuwa tayari kugombezwa. Mama hapendi kazi nusunusu, na wajomba wangemuuliza yeye.

"Hakuna hata moja?" akauliza.

"Hakuna."

"Afadhali," mama akasema, na akaanza kulia.