Pini Isiyopakwa Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha bolti moja kwa saa nzima. Ilikuwa katika gereji ndogo Nachingwea mjini, ambako msimu wa ufuta malori yalipanga foleni mpaka barabarani. Mkuu wa Gereji, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu walioko mashambani, alikuja akasimama nyuma yangu. Kisha akasema:

"We Somoe, hiyo bolti unaiosha au unaiposa?"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mimi niliendelea kuisugua. Mchana nilikula nyuma ya jengo, peke yangu, na nikaendelea kula hapo kwa miezi minane.

Najua wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa na mvi. Mimi nina miaka thelathini na moja, na kazi nimeshaiacha. Nawaandikia wadogo zangu wanaoanza kushika spana, hasa wale waliojifunza wenyewe kama mimi. Sikupita chuo chochote cha ufundi. Nilijifunza kwa kitabu cha makenika kilichokosa kurasa za mwanzo, na kwa video za simu nilizorudisha nyuma mara kumi kumi. Mtu wa namna hiyo huishi na hofu moja: kwamba siku yoyote atatokea aliyesoma, ataangalia kazi yake, na atacheka.

Mkuu wa Gereji hakunifukuza. Aliniita ofisini akaniambia, "Hapa magari yanatakiwa yaondoke, mwanangu. Wewe unataka yakae. Kuna mzee mmoja, mtaa wa Nambambo, ana gari linalofaa ugonjwa wako."

Huyo mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu, na kila mtu alimwita Bwana Mpimaji. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wako Dar es Salaam. Gari lake lilikuwa la spoti, la zamani kuliko mimi: viti viwili, paa la turubai, kabureta mbili, yaani vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Lilikaa chini mno kwa barabara zetu. Spea zake hazikuwepo Nachingwea, hazikuwepo Lindi, na Kariakoo walikuwa wakiangalia picha kwenye simu yangu na kuniuliza kama lile ni gari kweli.

Kwa hiyo nilichonga. Nilikuwa na makopo ya maziwa kumi na saba, kila moja na lebo, na ndani yake takataka nilizookota. Gasketi, ile karatasi ngumu inayozuia mafuta kuvuja kati ya chuma na chuma, nilizikata kwenye kalenda za ukutani nilizoloweka oili. Bushi za kuzuia mtikisiko nilizitoa kwenye soli za kandambili. Washa za shaba, zile pete zinazokaa chini ya bolti, zilitokana na bomba la friji iliyokufa, na kibanio cha kitasa cha mlango kilikuwa ubavu wa mwavuli. Nilifanya kazi hiyo miaka minne chini ya kibanda cha mabati, na siku nyingi mtu niliyezungumza naye alikuwa mmoja tu. Wenzangu wa rika waliolewa, wakazaa. Mimi nilikuwa na tupa, msasa na jiliwa la kubania vyuma. Nikisema nilikuwa na furaha nitakuwa nadanganya, lakini mikono yangu ilikuwa na furaha.

Bwana Mpimaji alikuwa na sheria moja. Kila kifaa cha kuchonga lazima kipakwe tone la rangi nyekundu, kwa chupa za rangi ya kucha alizoacha marehemu mkewe. Kabla ya kila safari alifungua boneti na kukagua vyote vyekundu, kimoja kimoja, kwa kidole.

"Mpimaji akiweka alama ya muda porini," aliniambia, "haifanani na ya kudumu. Ikifanana, anayekuja nyuma ataijengea nyumba."

Nilimwelewa. Ila lile tone lilinichoma. Nilikuwa naweza kukaa siku tatu kwenye washa moja, ikatoka safi kama ya kiwandani, halafu naipaka alama inayosema: hii si yenyewe.

Safari zake zilikuwa moja tu kwa mwezi, kwenda Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki. Watoto hawakuzipenda. Binti yake mkubwa alishamwambia mbele yangu, "Baba, ukiteleza mara moja tu, gari tunalichukua." Naye akajibu, "Basi mwombeeni Somoe asiteleze." Akacheka. Mimi niliingia chini ya gari nikakagua breki upya.

Mwaka jana, kabla ya mvua, pini ya mkono wa kabureta ilikatika. Ni kipini kidogo kuliko njiti ya kiberiti, kinachounganisha fimbo ya pedeli ya mafuta na kabureta. Nikachukua spoku ya pikipiki, ile fimbo nyembamba ya gurudumu, nikaikata, nikatoboa tundu la waya wa kuifungia. Iliingia vizuri, imebana kidogo. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliona mikwaruzo ya tupa. Nikaisugua kwa msasa, nikaisugua kwa majivu, nikaisugua kwa kitambaa, mpaka ikang'aa kiasi kwamba mimi mwenyewe nisingeitofautisha na ya dukani. Niliposhika chupa ya rangi, mkono ulikataa. Nikasema, hii moja tu. Hii moja iwe yenyewe.

Bwana Mpimaji alikagua vyekundu vyake vyote, akaenda Mandawa.

Alinipigia simu mchana. Nilichukua bodaboda nikamkuta kwenye mteremko, ameketi chini, ana mkwaruzo kwenye paji la uso. Pua ya gari ilikuwa imejikita kwenye mkorosho. Watu wa shambani walikuwa wamesimama kando, mmoja akimpepea kwa kofia.

"Nilikanyaga mafuta nikidhani nakanyaga breki," aliniambia. "Kila nikikandamiza, injini inanguruma. Miguu haijui tena ilipo. Nimezeeka, Somoe."

Nilifungua boneti. Pini ilikuwa imechomoka nusu. Nilikuwa nimeisugua mpaka ikalegea. Ikacheza, ikakata waya wake, ikalala upande na kuukwamisha mkono wa kabureta ukiwa wazi, petroli ikaingia bila kukanyagwa. Injini ilinguruma kwa sababu yangu, na kwenye mteremko ule breki hazikuishinda. Mguu wake ulikuwa kwenye breki.

Nikaichomoa, nikaitia mfukoni, nikasema, "Pole, Mzee."

Binti yake alikuja na lori baada ya siku tatu. Gari likapakiwa, likaenda. Mimi niliendelea kufika kila asubuhi kufagia kibanda kitupu, nikijiambia kwamba kumwambia hakutarudisha kitu. Kwani ameumia? Hakuumia. Kwani gari lingedumu milele? Lisingedumu. Nilijua kujitetea kama nilivyojua kusugua chuma.

Lakini niliona mambo. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha kunyoa ndevu mwenyewe, akaogopa mkono wake na wembe. Siku ya kumi na mbili nilimwona akivuka sebule yake, chumba alichoishi miaka thelathini, ameshika ukuta. Mtu aliyepima mapori ya Ruangwa kwa miguu, anashika ukuta.

"Mzee," nikasema, "naomba ukae."

Akakaa. Nikaweka pini mezani, nikamweleza yote, spoku, msasa, majivu, rangi niliyoikataa. Sikulia. Nilikuwa nimelia kabla.

Aliigeuzageuza kiganjani. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo mguu wangu ulikuwa wapi?"

"Kwenye breki, Mzee. Tangu mwanzo."

"Siku ile ile ulijua?"

"Siku ile ile."

Akairudisha pini mezani. "Ya pini ningekusamehe pale pale kwenye mkorosho. Chuma ni chuma. Lakini siku kumi na mbili, Somoe, umekaa unanitazama nikizeeka."

Akampigia binti yake, akaweka sauti ya nje, akanisukumia simu. Nikarudia yote kwa mwanamke aliyekuwa kwenye mkutano wa shule na asiyetaka kunisikia. Alipomaliza kunitukana akasema, "Baba, gari limeshauzwa."

"Sijaulizia gari," Mzee akajibu. "Nimetaka usikie mguu ulikuwa wapi."

Alikata simu, akasimama katikati ya sebule, mbali na kila ukuta, na akatembea mpaka mlangoni kuniambia niondoke. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hapakuwa na hotuba wala soda.

Sasa niko Matambarale kwa mama yangu, tunalima ufuta. Watu huniletea baiskeli na mashine za kusaga. Nawaelekeza kwa fundi mwingine. Wanadhani naringa. Jioni zinakuwa ndefu. Nimesikia Bwana Mpimaji huenda Mandawa kwa bodaboda, amekaa wima nyuma, akimkaripia dereva kwenye kona. Nimeandika ujumbe wa kumsalimu mara nyingi, nikaufuta kwa sababu neno moja halikukaa sawa. Ndivyo nilivyo bado.

Ninyi mnaoanza, sitawaambia msichonge. Spea hazitakuja, na makopo yenu yatajaa. Sitawaambia pia msipende kazi safi. Nawaambia hili tu: ukimaliza kifaa chako cha kwanza, kipeleke kwa atakayekaa kwenye usukani. Kiweke kiganjani mwake. Mwambie, "Mzee, hii jana ilikuwa spoku ya pikipiki." Atacheka. Mwache acheke. Mimi kicheko hicho ndicho nilichokikimbia maisha yangu yote, na leo ningekifuata kwa miguu mpaka Nambambo.