Mtamba wa Hospitali na Firigisi ya Wakwe

Mke wangu alikufa tarehe kumi na nne mwezi wa pili, saa nane mchana, siku ambayo vijana wa Kitale huvaa nyekundu na kupeana maua. Nilipotoka wodini nilimkuta askari wa lango amechomeka ua kwenye kofia. Akanitakia siku njema ya wapendanao. Nikamwambia asante, nawe pia. Tuliishi pamoja miaka thelathini na sita na sikuwahi kumpa mke wangu ua hata moja. Nilimpa jembe, gambuti na watoto wanne.

Hospitali aliyofia ndiyo ile ile iliyotupatia ng'ombe. Watu wakisikia hivyo hutaka niseme kama hospitali ni nzuri au mbaya, na mimi huwaomba wanyamaze kwanza nimalize. Figo zake zilikuwa zimechoka, na madaktari walijaribu. Hilo sina ugomvi nalo.

Ni hospitali ya kanisa, haifanyi kazi kwa faida. Kinachobaki hawagawani, wanakirudisha kwa watu wanaoishi karibu nayo. Ndivyo walivyotueleza kwa kipaza sauti, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Walijenga tangi la maji kwenye shule ya msingi, wakachora nembo yao kubwa kuliko mfereji wa kuchotea maji. Na kila mwezi manesi walikuja kwenye veranda ya kanisa letu kupima watoto. Mizani waliining'iniza kwenye boriti, mtoto akawekwa ndani ya mfuko wenye matundu mawili ya miguu, akabaki akizunguka pale juu kama mguu wa mbuzi buchani.

Mjukuu wetu alizunguka hivyo akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mama yake alikuwa ametuachia akaenda kutafuta kazi Nairobi. Nesi akamfunga utepe wa kupimia mkononi, utepe ukasoma nyekundu.

"Amekonda," nesi akasema.

"Amekonda wapi?" mke wangu akauliza. "Huyu ni mwembamba tu. Si umwangalie babu yake?"

Nesi akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaandika kitu. Nafikiri ndipo tulipopata ng'ombe.

Aliletwa na lori, mweusi mwenye mabaka meupe, tayari ana mimba. Masharti yalikuwa mawili. Maziwa ya kwanza ya kila asubuhi ni ya mtoto. Na ndama jike wa kwanza si wetu: tumlee mpaka awe mtamba mwenye mimba, kisha tumkabidhi kwa nyumba nyingine yenye mtoto aliyekonda, nao wafanye vivyo hivyo. Mke wangu alitia sahihi kwa majina yake yote matatu. Mimi niliishia darasa la saba, yeye la nane, na karatasi zote za nyumba hii alizitia sahihi yeye.

Ng'ombe akazaa jike. Mjukuu akanenepa, akaanza kupiga kuku mateke. Mke wangu akamlea yule ndama kama aliyemzaa mwenyewe, na hakutaka kuulizwa ataenda kwa nani.

Sasa lazima niseme habari ya jirani.

Jirani yetu ni mama ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba huku Trans-Nzoia zamani. Mumewe alifariki mapema. Yeye na mke wangu walikuwa kitu kimoja: walipanda pamoja, waliimba pamoja kanisani, waliwasema watu pamoja. Binti yetu mkubwa alipochumbiwa na kijana wa Myanga, huko Bungoma, na wakwe wakaja nyumbani kwa mazungumzo, jirani ndiye aliyesimamia jiko.

Kwetu, mgeni wa heshima akichinjiwa kuku, firigisi huwa ni yake. Kila mtu anajua. Bakuli lililetwa mbele ya mzee wa wakwe. Akalikoroga na kijiko taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo. Akakoroga tena. Kisha akakisogeza kile kijiko kando, na wageni wote wakala ugali na mchuzi wa mboga, kuku akabaki pale akipoa. Mke wangu alitamani ardhi impasukie.

Binti aliolewa vizuri na ana watoto watatu. Lakini jioni ile mke wangu aliingia jikoni akamwambia jirani, "Umekula firigisi ya wakwe wangu."

"Mimi? Nile firigisi nikiwa na kuku mzima hapa mbele yangu?"

"Watu wa kwenu hamjui maana yake. Mnakatakata kuku kama kuni."

"Na nyinyi mnaabudu tumbo la kuku!"

Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Kwenye kwaya mmoja alihama kutoka sauti ya kwanza akaenda ya pili ili wasisimame karibu.

Firigisi niliila mimi.

Nilikuwa nimebeba viti tangu alfajiri bila hata chai. Nilipita jikoni, jirani yuko nje anamwaga maji, nikafunua sufuria. Ilikuwa pale juu. Katika nyumba yangu firigisi imekuwa yangu siku zote, mkono ukaenda wenyewe. Nilipokumbuka kwamba leo kuna mgeni, nilikuwa nimeshameza. Watu husema mimi ni mtu mkweli, na ni kweli sijawahi kumjibu mtu uongo. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nani angemuuliza mwenye nyumba? Nilikaa kimya siku ile kwa aibu, mwezi ule kwa woga, na miaka iliyofuata kwa mazoea.

Mke wangu alilazwa mwezi wa kwanza. Siku moja alinishika mkono akaanza kuzungumzia mtamba, ambaye tayari alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Nimesikia mjukuu wa yule amepimwa," akasema. Hakuwahi kumtaja kwa jina lingine, ni "yule" tu. "Utepe mwekundu. Watamwandika yeye."

"Huenda."

"Akija kuchukua mtamba wangu, mwambie amekufa."

"Nani amekufa? Mtamba?"

"Hata mimi. Sema lolote, Mzee. Mpe mtu yeyote, mpe hata mlevi. Lakini si yule. Niahidi."

Hapo nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Nesi akaja kumgeuza. Ningependa kusema nesi ndiye aliyenizuia, lakini alikaa dakika mbili tu, na mke wangu aliishi siku tisa zaidi. Nilimwambia, "Sawa, mama, nakuahidi."

Tulimzika chini ya mteremko, karibu na migomba. Watu walipoondoka nilibaki na mjukuu, ng'ombe, mtamba, na shida ambayo hakuna mhubiri aliyeigusa: ng'ombe alikataa kunitolea maziwa. Alikuwa amezoea mkono mmoja na harufu moja; binti yetu mkubwa, mwenye mkono wa mama yake, alimkamua wiki za hospitali, sasa alikuwa amerudi kwake. Nilijaribu kuimba, akanipiga teke. Siku ya nne nilivaa gauni la marehemu, lile la kijani la kukamulia, nikafunga na kitambaa chake kichwani. Akanusa begani kwangu, akatulia, akatoa maziwa. Mimi nililia kidogo kwenye ubavu wake, kisha nikaendelea, maana mtoto alikuwa anangoja.

Hivyo ndivyo alivyonikuta afisa wa hospitali. Ni msichana mpole wa Kibabii, amesoma chuo kikuu, anatembea na faili. Akasimama mlangoni mwa zizi.

"Shikamoo, ma... mzee."

"Marahaba. Usijali, endelea."

"Pole sana kwa msiba, mzee. Nimekuja kwa mambo ya mtamba." Akaangalia faili ili asiangalie gauni. Akalitaja jina la jirani.

Nikamuuliza kama hakuna mtu mwingine. Akasema orodha hupangwa kwa utepe, si kwa urafiki. Nikauliza kama utepe hauwezi kukosea. Akasema mtoto yule ana miaka miwili na hajaanza kutembea.

Nilifikiria kusema mtamba ametoa mimba. Daktari wa mifugo alikuwa amempima wiki iliyopita. Nilifikiria kusema ni mgonjwa. Alikuwa nyuma yangu anakula kwa kelele, anang'aa kama kiatu kipya.

"Sawa," nikasema. "Mleteni huyo mama."

Usiku sikulala vizuri wiki nzima. Mke wangu alikuwa ameniomba kitu kimoja tu katika miaka yote ile, na kosa alilolikasirikia lilikuwa langu. Nikimpa jirani mtamba, namvunjia marehemu ahadi. Nikimnyima, mtoto asiyetembea anakosa maziwa kwa sababu ya tamaa yangu ya siku moja. Kwa muda nilijidanganya kwamba kama mke wangu angejua ukweli, angekubali. Lakini ninamjua. Angemsamehe jirani, kisha angenipa mimi miaka kumi na moja ya kwangu.

Siku ya kukabidhi walikuja na gari, bango na mpiga picha. Bango lilisema hospitali inarudisha shukrani kwa jamii. Walilifunga kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo. Mchungaji alimwombea mtamba kirefu kuliko alivyomwombea marehemu. Majirani walijaa uani, maana kulikuwa na soda. Jirani mwenyewe alikuja na gauni la kanisani, mjukuu mgongoni, akasimama mbali na mlango wangu kama mtu anayesubiri mbwa afungwe. Kwa miaka kumi na moja hakuwa ameingia kwenye ua huu. Hata mazishini alibaki barabarani.

Afisa akaninong'oneza, "Mzee, sema maneno mawili tu. Sema marehemu angefurahi sana leo."

"Hangefurahi."

"Samahani?"

"Siwezi kusema angefurahi. Hangefurahi."

Akacheka kidogo akidhani ni huzuni, akanipa kipaza sauti. Sijawahi kushika kipaza sauti maishani. Kilipiga kelele, watoto wakaziba masikio. Nikasema:

"Marehemu aliniambia nimpe mtamba huyu mtu yeyote isipokuwa huyu mama. Nikamwahidi. Leo navunja ahadi hiyo. Nataka mjue sababu. Siku ya wakwe, firigisi niliila mimi."

Watu wa hospitali walipiga makofi. Hawakuelewa, walidhani hotuba imeisha. Wengine wote walinyamaza mpaka mtamba akasikika akitafuna. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Ati nini?" na mama wa kwaya akashika kichwa. "Yesu! Hawa watu wameimba sauti tofauti miaka yote kwa sababu ya huyu?"

Jirani alikuja mpaka nilipokuwa. Ni mfupi, ananifika kifuani. Nilifikiri atanipiga kofi, na ningelikubali.

"Shemeji," akasema. "Ilikuwa imeiva?"

"Imeiva vizuri."

"Chumvi?"

"Ilitosha."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeambiwa nyumba yake haikuanguka. Halafu akauliza kaburi liko wapi. Nikamwonyesha migombani. Akamshusha mjukuu, akanipa mimi nimshike, akateremka peke yake. Hakushusha sauti, kwa hiyo sote tulisikia.

"Umesikia?" aliliambia kaburi. "Miaka kumi na moja hunisalimii! Hata nilipozika mama yangu hukuja! Kumbe mwizi unalala naye kitanda kimoja, unampikia, unamfulia soksi. Na wewe ndiye uliyekuwa unajiita mjanja." Aliposema tena sauti ilikuwa nyingine. "Ungeniuliza mara ya pili, bana. Ningekuambia tena si mimi."

Alikaa kule muda mrefu. Mpiga picha aliuliza kama anaweza kumfuata, afisa akamwambia akae hapo alipo. Huyo msichana atafika mbali. Mtoto mikononi mwangu alikuwa mwepesi sana. Nilihisi mbavu zake kupitia sweta. Nikaona ni bora kumtazama yeye kuliko kutazama migomba.

Jirani alipopanda alikuwa na matope kwenye magoti ya gauni lake la kanisani. Alitia sahihi kwenye faili bila kusoma. Alikataa kupigwa picha akiwa amenishika mkono, kwa hiyo walimpiga akiwa ameshika kamba. Mimi nilipigwa upande wa pili wa mtamba, na kwenye picha hiyo naonekana kofia tu.

Nikamwambia mtamba huyu hula vizuri akichanganyiwa majani ya migomba, na kwamba hapendi mvua.

"Najua kufuga ng'ombe, shemeji."

"Sawa."

Akamfunga mtoto mgongoni. Akavuta kamba, mtamba akamfuata bila ubishi wowote, hata hakugeuka kuniangalia. Watu wakawapisha. Soda zilikuwa zimekwisha. Hospitali wakakunja bango lao, mchungaji akapewa lifti ya kurudi mjini.

Langoni mtamba akasimama, akainua mkia akanya. Jirani akamngoja amalize, kisha wakashika njia. Nikachukua sepetu nikazoa.