Laki Moja Inayongoja Mvua Ipite

Jumanne, tarehe 8 Oktoba. Joto tangu asubuhi, mawingu yamejaa upande wa Tseikuru lakini hakuna tone lililoanguka.

Mimi ndiye ninayeandika daftari la kazi za ujenzi za mume wangu: mwezi gani pesa itaingia, mwezi gani itatoka. Niliishia darasa la nane, na kila nikichora mistari naona kama mtu atakuja kuniuliza nani alinipa ruhusa.

Jana nilijua kosa langu. Kwa madarasa mawili tuliyojenga Tseikuru, mwenye kazi alikuwa akikata asilimia kumi ya kila malipo na kuishikilia. Wanaita ritensheni. Ilifika laki mbili, na mimi niliandika zote ziingie Oktoba kwa sababu tulikabidhi funguo mwisho wa Septemba. Imeingia laki moja, nayo imekwisha kwa mishahara ya mafundi. Ile nyingine itangoja miezi sita, mvua ipite, waone kama kuta zitapasuka.

Nisimsingizie mhandisi wa mwenye kazi. Alitusomea kipengele hicho cha mkataba mwenyewe, pole pole. Nafikiri niliposikia "mkikabidhi" niliacha kusikiliza. Huku kwetu, mtu akihamia nyumba yake fundi hulipwa yote siku hiyo, na mbuzi huchinjwa. Sijaona fundi akiambiwa arudi baada ya mavuno.

Shida ni kwamba ukurasa huo wa Oktoba ndio niliomwonyesha mzee wa duka la vifaa hapa Mwingi, mtu wa upande wa Garissa, akakubali kutukopesha mifuko mia moja ya simiti ya vyoo vya zahanati, kazi yetu mpya. Ilikuwa tuichukue leo.

"Chukua simiti kwanza," mume wangu alisema. "Hayo mengine utamwambia baadaye."

Alikuwa na sababu. Bila simiti kazi inasimama. Lakini siwezi kubeba simiti ya mtu kwa tarehe ninayojua si ya kweli. Nikaandika ukurasa mpya, nikaenda kwa mzee wa duka.

"Mama kandarasi! Lori liko tayari, wewe unaniletea daftari?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani.

"Kwa hivyo Oktoba yako iko Aprili?"

"Iko Aprili, mzee. Na wakipata ufa tutarekebisha kwanza, kwa hivyo hata hapo nimeandika kwa penseli."

Akacheka. "Miaka yote hapa, wewe ndiye mteja wa kwanza kuja kunipunguzia matumaini bila kuitwa. Lakini mia siwezi. Mimi pia nina watu wananidai."

Ni haki yake. Nikaomba arobaini, ilipwe na malipo ya kwanza ya zahanati mwezi ujao, ambayo safari hii niliyakata asilimia kumi mwenyewe kabla ya kuyaandika. Alifuata kila mstari kwa kidole.

"Arobaini. Ukilipa, njoo uchukue ingine."

Nyumbani mume wangu aliuliza, "Mifuko arobaini inafika wapi?"

"Inamaliza msingi. Na msingi tutaumaliza kabla ya mvua."

Akaenda kutia upepo gurudumu la toroli.

Sijui kama nimefanya vizuri. Najua kesho saa kumi na mbili asubuhi tuko zahanati.

Jogoo niliyewaahidi watoto kwamba tutamchinja ritensheni ikiingia bado anatembea uani. Tumekula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na majani ya kunde.