Mguu wa Makarius Usiouma

Kaka yangu Makarius alikata mkonge karibu na Kilosa miaka ishirini, pekupeku, akajivunia nyayo zake kuliko wengine wanavyojivunia ng'ombe. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kisanga, mwaka sabini na nne, kila shamba la pamoja lilipochomwa yeye ndiye aliyetangulizwa majivuni, kukanyagakanyaga makaa yaliyobaki.

"Mpisheni mwenye kwato!" wenzake walimtania. Naye alicheka, akakanyaga.

Kumbe haikuwa sugu iliyomzuia kusikia moto. Ulikuwa ugonjwa wa sukari. Mtungi wa maji aliumaliza peke yake, na alipokojoa sisimizi walikusanyika. Mganga wa zahanati, Danieli, alimwambia mbele yangu:

"Mzee, miguu yako imekufa ganzi. Vaa makatambuga, na kila jioni tazama chini ya nyayo. Ukiona kidonda, hata kama punje ya mtama, njoo siku hiyohiyo."

"Kisichouma kina ugonjwa gani?"

Makatambuga tuliyomnunulia aliyatundika ukutani. Nami nikayaacha yaning'inie, mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kumnyamazia mtu.

Mwaka uliofuata wakachoma tena, akatangulia tena. Siku ya tano nyumba ikanuka. Mkewe, Costancia, akatafuta panya aliyekufa: chini ya kitanda, nyuma ya debe. Mimi nikainua mguu wa kushoto wa kaka. Kisiginoni palikuwa na shimo, ndani yake kipande cha mkaa kimenasa. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Unauma?"

"Hata kidogo, Anastazia." Safari hii hakujivuna.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, lori likatufikisha hospitali ya Berega. Mguu ulishaoza, wakaukata chini ya goti.

Uliobaki nao hausikii. Kila jioni, kungali na mwanga, anauweka mapajani mwangu, nami naugeuza kama muhogo ninaoushuku: kisiginoni, katikati ya vidole, pembeni mwa kucha. Juzi nilichomoa mwiba mrefu kama sindano ya magunia.

"Umeukanyaga wapi, na katambuga umevaa?"

"Mwiba gani?"

Nikamwonyesha mwiba. Kisha nikamwonyesha katambuga la kushoto, ambalo bado linaning'inia ukutani. Costancia alitaka kulitupa, nikamkataza.

Makarius akachukua mkongojo, akatangulia mwenyewe kwenda kwa Danieli.