Chumba cha Baba kwenye Karatasi

Dada yangu mkubwa tunamwita Rula, na ukimwona anavyokunja shuka utajua sababu. Anachorea karakana ya samani, na miaka yote hiyo amechora isometriki tu: kabati unaliona juu, mbele na ubavuni kwa pamoja, na kila ukingo unapimika. Mchoro wa mshazari, ambao uso wa mbele unakutazama moja kwa moja na kina kinakatwa nusu, anauita uvivu. Perspektivu, ambayo vitu vya mbali huchorwa vidogo, anaiita uongo mtupu.

"Kitanda hakipungui eti kwa sababu kiko mbali," husema, utadhani kuna mtu amembishia.

Basi baba akaanza kuangukaanguka peke yake nyumbani kwake. Rula akataka kumhamishia kwake, kwenye chumba cha nyuma. Baba akagoma katakata. Tulimbembeleza mpaka midomo ikakauka, na mimi kila simu ikilia roho ilinipaa. Rula akafanya anachokijua: akamchorea chumba. Isometriki, bila shaka, na vipimo mpaka vya kitasa.

Baba aliupokea mchoro, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mwanangu, huku kwako paa limeng'olewa?"

"Nimeliondoa ili uone ndani, baba."

"Anayeona hivi ni kunguru. Mimi nitakuwa wapi?"

Nilicheka, nikakatwa jicho.

Rula alinuna siku nzima. Kisha nikamkuta kwenye chumba cha nyuma, amekaa ukingoni mwa kitanda, futi mkononi, anajipima kutoka sakafuni hadi machoni, halafu anapunguza kidogo kwa sababu baba ni mfupi kuliko yeye. Alikuwa anachora perspektivu! Nilifunga mdomo wangu, maana bado naupenda uhai.

Mchoro wa pili tulipompelekea kwake, baba hakuugeuza. Meza ilikuwa kubwa, karibu na mkono. Mlango ulikuwa wazi, na mbali kidogo, jikoni, palikuwa na mgongo mdogo wa mtu aliyeinamia jiko.

"Huyu nani?"

"Mimi, baba."

"Kumbe nikikaa hapa nakuona."

"Unaniona. Na ukiita nasikia."

Baba aliweka kidole juu ya ule mgongo. Kisha akanigeukia mimi.

"Hebu niletee viatu vyangu."