Breki ya mbele ilivyonipatia mke: Bukavu, miaka ya Zaïre

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye pikipiki na mnaotembea kwa miguu.

Juzi nimeona humu kijana anauliza kama inafaa kuweka disc brake mbele kwenye pikipiki yake ndogo. Majibu yalikuwa mengi, mengine ya matusi. Mimi nikabaki nacheka peke yangu, kwa sababu upgrade ya breki ya mbele ndiyo iliyonipatia mke.

Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi. Mke mwenyewe amekaa pembeni yangu anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya sina nafasi.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Kiswahili chetu mnakijua, cha "iko" na "mutu" na Kifaransa katikati. Nitakinyoosha kidogo, ila watu wa kwetu wakisema kitu nitawaacha waseme kama walivyosema.

Haya.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na kijana akitaka kuonekana wa maana anavaa abacost, lile koti lisilotaka tai.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka mikate. Nilichukua kwenye boulangerie moja, tanuri la mikate pale Ibanda, nafunga kapu nyuma ya pikipiki, nazunguka madukani mpaka Bagira. Pikipiki ilikuwa yangu mwenyewe, ndogo, ya Kijapani, imepita mikono mingi kabla ya kufika kwangu. Nilikuwa naipenda kama ndugu.

Wasioijua Bukavu niwaambie: mji wote ni milima. Ukitoka nyumbani unapanda, ukirudi unapanda tena, sijui inawezekanaje. Ziwa liko chini, na kila barabara inataka kukupeleka huko, upende usipende.

Sasa fikiria mteremko huo, kapu la mikate nyuma, halafu breki ya mbele ni drum ndogo kama kopo la maziwa. Ndani yake mna zile brake shoes mbili. Sisi tuliziita mâchoires, yaani taya, kwa sababu zinauma drum kwa ndani. Za kwangu zilikuwa taya za mzee asiye na meno. Jua likiwaka zinashika kidogo. Mvua ikinyesha unavuta lever mpaka inagusa mkono wa usukani na pikipiki inaendelea na safari zake.

Nilishazoea. Nilikuwa napunguza mwendo kwa gia, kwa breki ya nyuma, kwa soli za viatu, na kwa sala.

Sasa huko Bagira kulikuwa na citoyenne mmoja, mwalimu wa primaire, shule ya msingi, anaitwa Nsimire. Asubuhi alikuwa anapita kununua mkate kwenye duka moja nililokuwa napelekea. Nikaanza kulifanya duka lile kuwa la kwanza kwenye mzunguko wangu, ingawa lilikuwa mbali kuliko yote. Mwenye boulangerie hakuelewa kwa nini petroli inaisha haraka.

Tulizungumza miezi kadhaa. Mwishoni akaniambia nije kwao nisalimie. Baba yake alikuwa kwenye kazi ya dhahabu huko Mwenga, anarudi kwa nadra, kwa hiyo mwenye neno nyumbani alikuwa mama yake, Maman Nabintu.

Nikaazima abacost. Nikapiga pasi. Nikaipangusa pikipiki mpaka inang'aa.

Mvua ilinyesha mchana wote, ikakatika nilipokuwa njiani. Nyumba yao ilikuwa chini ya mteremko wa udongo mwekundu, na mbele ya nyumba kulikuwa na bustani ya lenga-lenga, mnayoiita mchicha. Nikamwona Nsimire amesimama mlangoni. Pembeni yake mama, amevaa kitambaa kizuri cha sikukuu, na majirani kadhaa waliojifanya wamekuja kuomba chumvi.

Nikavuta breki ya mbele. Hakuna kitu. Nikakanyaga ya nyuma, tairi likateleza.

Wakuu, niliwapita. Niliwapita taratibu kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe, kwa sababu nilipata hata muda wa kusalimia. Nikasema "Bonjour, Maman" nikiwa napita, na yeye akaitikia. Kisha nikaingia kwenye lenga-lenga na kulala humo na pikipiki yangu.

Hakuna aliyeumia. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Maman Nabintu hakucheka na hakukasirika. Alikuja, akaangalia kama mikono na miguu yangu ni mizima, akaniambia niinuke. Kisha akaokota mboga zote nilizovunja, akazipeleka jikoni, akazipika kwa mawese na kuniletea na bugali. Nikala mavuno yangu mwenyewe, abacost ya watu imejaa matope. Zilikuwa tamu sana, sitasema uongo.

Wakati wa kuaga akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila ubaya:

"Mwana, kuendesha unajua. Kusimama haujue. Mutoto yangu hawezi kwenda na mutu hajue kusimama. Siku utaweza kusimama hapa mbele ya mulango, urudi tuongee."

Nikamjibu, "Ndiyo, Maman, nimesikia." Nilisukuma pikipiki kupanda mlima mzima, sikuthubutu hata kuiwasha.

Habari ilifika Ibanda kabla yangu. Kwenye boulangerie nikapewa jina, Citoyen Lenga-lenga. Hata wateja wakaanza kuniita hivyo.

Nilikuwa na rafiki, Murhula, fundi kwenye garage moja ya Kadutu. Nikampelekea shida yangu. Akafungua drum, akachungulia, akasema kununua mâchoires mpya ni kumvalisha maiti viatu. Drum yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa milima ile. Tulihitaji gurudumu zima la mbele kutoka kwa pikipiki kubwa zaidi, yenye breki ya cam mbili.

Nieleze kidogo, wajuzi mtanivumilia. Breki ya kawaida ya drum ina cam moja, kichuma kinachogeuka ukivuta lever na kusukuma taya zote mbili. Taya moja inajikaza yenyewe gurudumu likizunguka, nyingine inasaidia tu. Ile ya cam mbili, kila taya ina cam yake, zote zinajikaza pamoja. Inauma kama mbwa.

Murhula alikuwa amesikia kwamba huko Katana kuna mzee mkulima wa kahawa, Papa Bisimwa, ana pikipiki ya aina hiyo iliyokufa injini. Jumapili tukaenda na pikipiki yangu, yeye mbele mimi nyuma, kwa gia ndogo njia nzima.

Papa Bisimwa alitupokea vizuri sana. Pikipiki ipo, na gurudumu tuchukue bure, yeye hana kazi nalo. Lakini akakuna kichwa, akasema tuongee kwanza na mama.

Shida ni hii: pikipiki ilikuwa ndani ya banda la kuku, na juu ya kiti chake kulikuwa na kuku anaatamia mayai.

Mke wa Papa Bisimwa akasimama mlangoni mwa banda na kutoa sharti. Gurudumu tuchukue. Ila yule kuku akiinuka, tunaacha kazi na kurudi kwetu.

Wakuu, mimi nimefungua magurudumu mengi maishani, lakini vile sijawahi tena. Tuliingiza magogo chini ya injini kidogo kidogo. Nati ilikuwa na kutu, tukaimwagia mafuta na kungoja, tumechuchumaa kwenye mavi ya kuku, tunazungumza kwa kunong'ona kama watu walioko kanisani. Murhula akageuza spana, kitu kikalia "kriii". Kuku akanyanyua shingo. Sisi wote tukaganda, hata Papa Bisimwa aliyekuwa nje akaganda. Kuku akatuangalia mmoja mmoja, akajipanga upya juu ya mayai, akafumba macho.

Axle, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, ikatoka. Gurudumu likatoka. Mama yule alifurahi kuliko sisi, akatufungia na ndizi za njiani.

Kufunga ndiko kulikotutoa jasho.

Axle ya gurudumu jipya ilikuwa nene, haiingii kwenye fork yangu, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Murhula akachonga bush ya shaba, kipete cha kujaza nafasi, ili tutumie axle yangu nyembamba. Mudguard ikawa inasugua tairi, tukaipandisha kwa washer. Cable ilikuwa fupi, tukatafuta nyingine.

Jambo la kuogopesha zaidi ni ile sahani inayobeba mâchoires. Lazima ishikwe na fork isizunguke. Fork yangu haikuwa na pa kuishikia. Ukiiacha hivyo, siku utakayovuta breki sahani itazunguka na gurudumu, itakata cable, na wewe utapaa. Murhula akachomelea chuma cha kuishikilia. Nikamwomba achomelee tena juu yake. Akachomelea.

Halafu breki ikawa inashika upande mmoja tu. Hapo ndipo alipotokea Nsimire.

Alikuja garage baada ya shule, bado na vumbi la chaki mikononi. Murhula alikuwa analalamika kwamba hatuoni taya inagusa wapi ndani ya drum. Nsimire akafungua mkoba na kutoa kipande cha chaki. Akaipaka taya nzima nyeupe, akasema turudishe, tuzungushe, tufungue. Palipogusa chaki ilikuwa imefutika, na pasipogusa ilikuwa imebaki.

Basi jioni nyingi zikaenda hivyo. Nsimire anapaka, Murhula anafunga, mimi nazungusha na kupiga msasa. Nafikiri sijawahi kuwa na furaha kama ile, nimechafuka mpaka masikioni, yule citoyenne ananiambia "bado, ongeza hapa," na redio ya garage inapiga rumba.

Siku chaki ilipofutika sawasawa pande zote mbili, nilitoka kujaribu. Nikavuta lever kwa mkono mzima kama nilivyozoea. Nusura niruke juu ya taa. Tangu siku ile natumia vidole viwili.

Nikarudi Bagira.

Safari hii sikuazima nguo. Nilikwenda na ya kazi, mchana, udongo umekauka. Nsimire alikuwa amemwambia mama yake, na mama inaonekana aliwaambia wengine, kwa sababu kuomba chumvi kulikuwa kumezidi.

Nikateremka kwa mwendo wa kawaida. Nikaweka vidole viwili. Pua ya pikipiki ikainama, na nikasimama mbele ya mlango, kimya, kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Majirani walipiga makofi.

Maman Nabintu akaizunguka pikipiki mzunguko mzima. Akaigusa drum mpya kwa kidole, ikamchoma, akakipuliza kidole. Kisha akaingia ndani. Nikajua yamekwisha, sijui nimekosea wapi.

Akatoka na kapu la mboga.

"Unipandishe ku soko," akasema.

Jamani. Kwetu mama mkwe unamheshimu kwa umbali, hamgusani hovyo. Nsimire akafunika mdomo. Lakini mama alikuwa ameshapanga: akaliweka kapu katikati yetu kama ukuta, akakaa upande, akashika carrier, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Tukaondoka.

Nusu ya mlima, mama mmoja akakatisha barabara na mbuzi wake. Nikavuta breki ya mbele kwa kujiamini kabisa. Pikipiki ikasimama.

Kisha ikaanza kurudi nyuma.

Hili hakuna aliyeniambia. Breki ya cam mbili inauma ukienda mbele tu. Ukirudi nyuma, taya zote mbili zinaachia. Nilikuwa nimekaza lever mpaka kidole kinauma na bado tunarudi, nyuma yetu mteremko wote na nyumba za watu. Miguu yangu yote miwili ilikuwa chini inaburura vumbi, wa kukanyaga breki ya nyuma hakuna. Injini ikazima.

Nikasikia uzito umepungua nyuma. Maman Nabintu alikuwa ameshateremka. Akashika carrier kwa mikono miwili, akazamisha visigino kwenye udongo, mama aliyelima milima ile maisha yake yote. Pikipiki ikasimama. Mimi juu yake.

Mboga hazikumwagika hata jani.

Nikaanza kuomba msamaha bila mpangilio, Kifaransa, Kiswahili na Mashi, lugha ya kwetu. Nikasema basi, Maman, naona bado sijui kusimama, nitarudi siku nyingine. Yeye alikuwa anacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, na alicheka mpaka akaegemea mgongo wangu, ule ukuta wa kapu umesahaulika.

"Washa," akaniambia. "Ya mbele, simamisha weye. Ya nyuma, uniachie miye."

Tukafika sokoni. Wanawake wenzake wakamuuliza ni nani huyu aliyemleta. Akashusha kapu lake, akajifunga kitambaa vizuri, akawajibu bila kunitazama:

"Iko mukwe yangu."

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Wakuu, nilichojifunza. Kwanza, ukiboresha breki ya mbele usisahau ya nyuma, hasa kama unaishi milimani. Ukisimama kwenye kupanda, mguu mmoja chini, mwingine kwenye breki. Pili, usifunge breki ngeni bila kuhakikisha ile sahani imeshikwa na fork. Tatu, fundi mmoja anaona mengi, lakini mwite na mwenzake, na kama kuna mwalimu wa primaire karibu mwite naye.

Nsimire anasema niongeze kwamba chaki ilikuwa ya kwake, si ya shule. Nimeongeza.

Sasa nanyi leteni yenu. Nani mwingine alishabadili breki ya mbele, na ile axle mliiwezaje? Na wale wa matusi kwenye uzi wa yule kijana, karibuni pia, ila mje mnajua kusimama.